Nilimuua Mama Mkwe kwa Barua ya Ruhusa

Nimekosa jamani. Naanza na hilo kabisa, msije mkasema nimezunguka. Jina langu silitaji, maana hapa Mpanda tayari nikipita sokoni watu wananiuliza, "Vipi, leo nani amepumzika?" Inatosha! Nyie nisikilizeni tu.

Nina duka la spea za pikipiki, nina mke, na nina mapacha wa darasa la tano, Kulwa na Doto. Kulwa msichana, Doto mvulana. Huku kwetu mapacha karibu wote ni Kulwa na Doto, kwa hiyo hapo sijajitaja. Halafu nina mama mkwe, mama yake mke wangu, mkulima wa mpunga kule Usevya. Huyo ndiye niliyemuua. Kwa kalamu ya bluu!

Chanzo ni shemeji yangu wa Dar, kaka yake mke wangu. Kila likizo anaweka picha kwenye simu. Watoto wake wamevaa miwani ya jua, wanaogelea, wanakunywa juisi kwa mrija. Chini ameandika: vekesheni. Mke wangu anaangalia, anatabasamu, ananipa simu nami niangalie. Mimi sitabasamu.

Nikawatazama wanangu. Likizo zao zote wako Usevya kwa Bibi, wanafukuza ndege kwenye mpunga, wanakula wali na maziwa, wanarudi wamenenepa na magoti yamechubuka. Nikaona aibu. Nikasema hii siyo likizo, huu ni ukulima tu! Wanangu nao lazima wakalale nyumba ya wageni yenye feni na wapigwe picha ufukweni mwa ziwa.

Sasa waende lini? Likizo ni ya Bibi, ukiwazuia atakuja kuwachukua mwenyewe. Nikaamua twende mwezi wa tano, shule ikiwa haijafungwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu! Wiki mbili zilinishinda kusubiri, mtu mzima na ndevu zangu.

"Baba Kulwa, watoto wana mitihani," mke wangu akasema.

"Mitihani ipo kila siku," nikamjibu. "Ziwa je?"

"Ziwa nalo lipo kila siku."

Nikamwambia aache ubishi, ruhusa nitaiomba mimi.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Mimi ni mwanakwaya, naimba besi, na uongo siupendi. Ningeandika mtoto anaumwa, ningekuwa nimedanganya. Ningeandika vekesheni, Madam wao wa darasa angecheka mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Nikakaa dukani, nikatafuna mfuniko wa kalamu, nikapata neno.

Nikaandika: "Mwalimu, bibi yao amepumzika. Tunaomba ruhusa ya siku nne."

Basi! Kuna uongo hapo? Bibi hapumziki? Saa saba mchana, jua la Usevya, lazima atakuwa amekaa mahali kapumzika. Nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama spea zimeshuka bei. Nilijua kabisa Madam atasoma nini. Lakini nikajiambia, akisoma vibaya, hiyo ni shida yake na kamusi yake.

Jumanne asubuhi nikampa Kulwa barua apeleke.

Ya shuleni niliyajua baadaye. Madam aliisoma, akavua miwani, akawakumbatia wote wawili. Akawaambia, "Poleni wanangu. Bibi yenu amepumzika." Darasa zima likasimama kimya. Wakaimba. Doto, ambaye akili yake ilikuwa kwenye mpira, alidhani ni ibada tu. Kulwa alielewa.

Akarudi nyumbani, hakusema neno. Kwetu mtoto haambiwi msiba. Anaona tu wakubwa wanafunga mizigo na kunong'ona. Na sisi siku ile tulikuwa tunafunga mizigo na kunong'ona, maana nilimwambia mke wangu tusipige kelele, majirani wasije wakaanza kuuliza maswali! Kila alichokiona mtoto kilimthibitishia.

Jumatano alfajiri tukaondoka kwenda Karema, ziwani.

Jamani, ziwa lilikuwa zuri. Maji maangavu, unaona mpaka chini. Feni ya nyumba ya wageni ilikuwepo, ingawa umeme nao ulikuwa kwenye vekesheni yake. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha. Doto anaruka. Mke wangu kavaa kofia ya majani, anacheka. Kulwa kajifunga khanga ya mama yake kichwani, kakunja mikono, katazama chini.

"Wewe, cheka! Hii ni vekesheni!"

Akanionyesha meno. Picha ile bado ninayo, na kuiangalia siwezi.

"Baba," akaniuliza, "tutafika lini?"

"Si tumeshafika!"

Akatazama maji, akatazama mitumbwi. Nikamwambia mama yake kwamba huyu mtoto hana shukrani. Nilisema hivyo kwa kinywa hiki!

Jioni nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Nilitaka shemeji aone. Picha zikagoma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna kitu. Nikaona basi, niweke maneno peke yake, picha zitafuata. Nikaandika kwenye stetasi: "Hatimaye familia nzima tumepumzika. Tunamshukuru Mungu."

Ikaenda. Nikazima simu, na ya mke wangu nikaizima, kwa sababu shemeji aliwahi kusema kwenye vekesheni simu zinazimwa. Nikashuka kilima napiga mluzi.

Hebu msiniangalie hivyo. Mbona najua!

Ijumaa mchana tumekaa mchangani tunakula migebuka ya kukaanga. Kulwa hajagusa sahani yake. Kwa siku tatu alikuwa anakunywa chai tu. Nikamwuliza anataka nini kingine, maana samaki ndio hao na soda ndiyo hiyo.

Akaniuliza, "Baba, Bibi wamemzika wapi?"

Mke wangu akashusha mkono. "Bibi gani?"

"Bibi wa Usevya. Madam alisema amepumzika. Baba aliandika." Akaisukuma sahani. "Mimi nilifikiri tunaenda kumzika. Mbona mnacheka?"

Nikamwambia haraka haraka Bibi mzima, lile ni neno tu, baba alikuwa anatania. Akasema, "Mpigie."

Tukapanda kilimani wote wanne. Nikawasha simu, nikapiga. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kulwa akasema kwa sauti ndogo, "Unaona," akakaa chini kwenye mawe.

Halafu simu ikaanza kutetemeka. Meseji zinaingia kama mvua ya mawe. "Poleni sana." "Jamani, ajali ilitokea wapi?" "Familia nzima! Mungu awapokee." Mwenyekiti wetu wa kwaya ameandika kwenye kundi: "Besi tumepata pengo kubwa." Shemeji wa Dar alikuwa ameshafika Tabora na basi, anakuja kutuzika! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza marehemu ameandikaje stetasi.

Mke wangu akazisoma zote, moja baada ya nyingine. Hakunitukana. Alinirudishia simu, akambeba Kulwa mgongoni, mtoto wa darasa la tano, akashuka naye mpaka chini. Nilibaki najaribu kuwajibu watu kwamba tuko hai, mtandao ukapotea, haukurudi mpaka tunaondoka.

Usafiri tulipata Jumamosi asubuhi. Tulipoingia mtaani kwetu nikaona turubai uani kwangu. Mikeka imetandikwa, masufuria makubwa yako jikoni, na kwaya yangu imesimama na majoho, inaimba bila besi. Kwa kweli pengo lilisikika.

Gari liliposimama mtu wa kwanza kutuona alikuwa mama wa jirani mwenye mwiko mkononi. Alipiga kelele, mwiko ukaenda huko, yeye akaenda kule. Watu wakatawanyika. Balozi wetu wa nyumba kumi akajificha nyuma ya pipa la maji, akauliza, "Nyie ni nyie?"

"Ni sisi, Balozi."

"Wote?"

Hapo ndipo nilipomwona. Katikati ya mkeka, akina mama wawili wamemshika mabega, kajitanda khanga, midomo imekauka. Mama mkwe.

Alikuwa amepata habari ya kifo chake Jumatano, yuko shambani anafukuza ndege. Mwalimu mmoja ana ndugu Usevya, akampigia kuuliza mazishi lini, yule ndugu akapanda pikipiki kwenda kuwahani waliofiwa. Akamkuta marehemu anarusha mawe kwa manati! Bibi akachukua fimbo, simu akaiacha dukani imezimwa, inachajiwa, akadandia basi kuja Mpanda kumwuliza huyo aliyemzika. Alikuja kugomba. Alipofika mlangoni kwangu akaambiwa hapana mama, siyo wewe, ni binti yako, mkweo na wajukuu.

Siku mbili alikaa kwenye ule mkeka. Hakula.

Kulwa alimwona, akasimama. Bibi naye akasimama. Hakuna aliyekimbia. Walisogeleana polepole, kila mmoja anamwogopa mwenzake, mpaka Bibi akamshika mtoto mkono, akaubonyeza kupanda mpaka begani.

"Walisema umekufa," Kulwa akasema.

"Na nyie walisema mmekufa."

Ndipo walipolia. Uani kwangu hakuna aliyebaki na macho makavu, hata shemeji aliyeingia wakati huo na begi lake. Na mimi nimesimama pembeni, na kofia ya majani ya mke wangu mkononi.

Sasa nyie mnajua mkwe ni mkwe. Miaka yote hii tunaongea kwa mbali, macho chini, mimi na yeye. Siku ile aliniangalia usoni.

"Mkwe, ni wewe uliandika nimepumzika?"

"Mama, nilimaanisha kupumzika tu, yaani kukaa, kupumzika kwa kawaida..."

"Mimi toka nizaliwe sijapumzika hata siku moja."

Hakupaza sauti. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na maelezo marefu ya neno lile, nimeyapanga njia nzima kutoka Karema, na yote yakaniishia pale.

Madam wao wa darasa alikuwepo pia. Nyuma yake kulikuwa na kiroba cha unga. Watoto wa darasa la tano kila mmoja alitoka kwao na unga kidogo kwenye mfuko, wakauchanganya, wakauleta msibani kwa Kulwa na Doto. Nikasema nitaurudisha. Madam akaniuliza, "Utamrudishia nani, Mzee? Utajua upi ulikuwa wa nani?" Ukaenda kupikiwa uji wa shule nzima, na niliubeba mwenyewe begani, mchana kweupe.

Jumatatu nikaitwa mstarini. Mwalimu mkuu akanipa barua yangu niisome mbele ya wanafunzi wote. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia mstari ule, kwa sauti ya kwaya." Kisha nikatamka kwamba bibi yao yu hai. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akauliza kama mimi ndiye niliyemfufua. Wanangu walikuwa mstari wa nne. Doto alikuwa anacheka na wenzake. Kulwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Mitihani yao waliifanya peke yao, ofisini, wenzao wakiwa nje wanacheza.

Adhabu ya Bibi ilikuwa fupi. Ndege walikuwa wameshakula kona nzima ya shamba siku zile alizokaa kutulilia. Akasema kilichobaki nitavuna mimi. "Na mimi nitapumzika. Si ndiyo uliandika?"

Ndiyo maana nawaandikia nikiwa Usevya, likizo ya mwezi wa sita, mgongo hauinuki. Duka nimelifunga. Mama mkwe amewekewa kiti kivulini, chai mkononi, ananionyesha kwa fimbo masuke niliyoyaruka. Watu wa kijijini wanakuja kutazama. Mke wangu amenipiga picha nimeinama, akaituma kwa shemeji, chini akaandika: vekesheni.

Hayo yote naweza kuyabeba. Lisilobebeka ni moja. Kila mchana Bibi akijinyoosha kidogo baada ya chakula, Kulwa anaacha mchezo, anakwenda kukaa pembeni yake na kumwangalia kifua kama kinapanda na kushuka. Nimemwambia mara ngapi kwamba Bibi mzima! Ananisikiliza kwa adabu. Haniamini. Mtoto aliyekuwa anabeba barua yangu bila kuifungua, leo nikimwambia mama yako yuko jikoni, anakwenda kwanza kuangalia.

Wazazi wenzangu, shule ikifunguliwa watoto wawe shule. Likizo ipo kwenye kalenda, isubirini. Na ukiona huwezi kabisa kusubiri, nenda kwa mwalimu kwa miguu yako, mwambie nataka kuwapeleka watoto ziwani, akunyime urudi nyumbani. Kunyimwa hakuui mtu! Usijifanye bingwa wa maneno, ukamtuma mtoto ayabebe.

Jana shemeji alipiga simu. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti, Kulwa yuko chini pembeni yake, zamu yake ya kawaida. "Shemeji, mama yuko wapi?" akaniuliza. Nikafungua mdomo, na lile neno likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Kulwa akainua kichwa, akaniangalia.

"Amekaa," nikasema. "Mama amekaa tu."