Leona Tackett Kwenye Mlango wa Kabati

Leona Tackett aliishi miaka mingi kwa mchezo mmoja wa jukwaani: mwanamke yuko peke yake katika nyumba kubwa, na muuaji amejificha kabatini. Aliucheza mji kwa mji, akilala ndani ya treni, mpaka sinema zilipoanza kusema na kumbi za michezo zikafungwa moja baada ya nyingine. Studio yetu ya Hollywood ilipoununua mchezo huo, akaja mbio kujaribiwa. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, na kazi nyingine hakuijua.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa studio. Nilipokuwa nikimbana gauni kiunoni, alitetemeka mwili mzima.

"Pumua, dada, utanivunjia sindano."

"Napumua tangu asubuhi, mwenzangu. Haisaidii."

Kinasa sauti kilifichwa kwenye chombo cha maua. Milango ikafungwa, na sisi tukakatazwa hata kukohoa. Leona akashika kitasa cha kabati, akageuza uso, akanyamaza. Alikuwa hodari, nywele zilinisimama. Jukwaani, hapo ndipo ukumbi mzima ulipokuwa ukiguna kwa hofu, naye alizoea kusubiri mguno upite ndipo aseme, "Najua umo humo." Basi akasubiri. Nasi tumebana pumzi, tunamtazama.

"Kata," alisema Grissom, mwongozaji. "Vipi mama, maneno yamekwama kooni?"

"Nawasubiri watazamaji, bwana."

"Watazamaji wako kwao wanakula. Wewe sema tu."

Wapiga picha wakacheka. Akarudia, na akasubiri tena. Mazoea yana taabu. Mara iliyofuata alijilazimisha, maneno yakatoka baridi kama ugali wa jana. Grissom akavua kofia.

"Nakuomba, bwana," Leona akamsihi. "Mara moja tu. Nitajifunza, wallahi nitajifunza."

"Wewe ni mtu wa jukwaa, mama. Rudi jukwaani."

"Liko wapi?" Leona akamuuliza.

Nikamvua lile gauni nikalipunguza kiuno, kwa ajili ya kisichana fulani kilichokuwa kikisubiri mlangoni. Nilikichukia bure, maskini, hakikuwa na kosa.

Sinema ilipotoka, Leona alikuwa anaosha vyombo kwenye mkahawa. Nilimsihi asiende kuitazama, hakusikia, nikamfuata. Ukumbi ulijaa pomoni. Yule msichana akashika kitasa, akageuza uso, na watu wote wakaguna kwa hofu. Mama mmoja mbele yetu alimrukia mumewe. Na wakati huohuo msichana akasema maneno yake, yakamezwa na kelele.

"Kasemaje?" watu wakaulizana. "Kasema nini?"

Leona alinishika mkono mpaka ukauma.

"Mimi ningewasubiri," akasema, na kilio kikamtoka. Mtu wa nyuma akatuambia tunyamaze, anataka kusikia.