Ratili Hamsini za Wendell

Wendell Krause, fundi mstaafu wa mashine za kukamulia ng'ombe huko Wisconsin, alikuwa na ugonjwa mmoja: kasi. Kwenye duka la mishale alikuhubiria mpaka kahawa yako ipoe, kwamba mshale usiofika futi mia mbili na themanini kwa sekunde ni kijiti cha kuchokolea meno. Haya bwana.

Balaa likaja begani. Daktari alilipasua lile bega, na kufika Septemba upinde wake wa ratili sabini, yaani uzito wa kuvuta uzi wake, ukamshinda kuuvuta. Akaulegeza kimyakimya hadi hamsini, maana pale dukani mwanamume wa ratili hamsini huulizwa kama kaazima upinde wa mkewe. Kasi ikashuka. Mjanja wetu akanunua mishale myepesi, na kipimo kikasoma tena mia mbili na themanini. Roho ikamtulia.

Mshale mwepesi hata ukikimbia vilevile haubebi nguvu ileile. Hilo alilijua, na wenzake aliwafundisha yeye. Safari hii tu hakupiga hesabu, aliliogopa jibu. Tena akafunga chembe, ile ncha ya mshale, cha kufunguka, ambacho nyembe zake huchanuka zikigonga ngozi, na kuchanuka huko nako hula nguvu.

Oktoba, dume la kulungu alilolivizia miaka mitatu likasimama hatua ishirini kutoka kwake. Akaachia. Mshale ukagonga bega, ukakatika, dume likaenda zake. Siku mbili alitafuta damu, akaambulia matone manne. Dukani akasema hajaona kitu.

Wiki tatu baadaye shemeji yake wa kike, Arlene, akaliangusha dume lilelile kwa mshale mzito wa kizamani, ule ambao Wendell humcheka kwa kuutumia. Alipolichuna akakuta chembe kimekwama kwenye mfupa wa bega, kimeingia kina cha kidole kimoja tu. Akakileta dukani, akakiweka kaunta mbele ya watu.

"Shemeji, mtaalamu ni wewe. Huyu alivuta ratili ngapi?"

Nyembe zilikuwa zimechanuka vizuri kabisa; chembe hakikuwa kimegoma. Angeweza kudanganya, lakini mnyama alitembea na maumivu wiki tatu kwa sababu yake, na aibu ya hilo ilimuuma kuliko bega.

"Hamsini," akasema. "Ni mimi. Sabini siziwezi tena, Arlene."

Arlene akamsukumia kile chembe.

"Mimi navuta arobaini na tano, shemeji. Miaka yote."