Jibu Lililonaswa na Gundi

Saa tisa alasiri, Lavonne Hoskamp anavua aproni ya jiko la shule, ananawa mikono inayonukia vitunguu, kisha anaketi mezani kwake na kuanza kugombana na gundi.

"Tazama!" analalamika, akiinua kadi ya rangi ya machungwa. "Popo nimemweka juu, yeye anateleza mpaka kwenye boga. Popo gani anakalia boga?"

"Amechoka kuruka," anajibu mumewe, Duane, mdomo umejaa pipi zilizonunuliwa kwa ajili ya watoto wa mtaa.

"Wewe mzee, ziache hizo! Halowini yenyewe bado!"

Lavonne, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, ni mpishi wa shule ya msingi jijini Des Moines, katika jimbo la Iowa. Kila mwaka huwatengenezea wajukuu wake watatu kadi za Halowini, sikukuu ya mizimwi ya mwisho wa Oktoba. Ndani ya kila kadi huandika swali la utani, na chini ya kidirisha cha karatasi huficha jibu.

Utani huo si pambo. Huko Des Moines, mtoto anayebisha hodi Usiku wa Ombaomba, mkesha wa sikukuu hiyo ambapo watoto huomba pipi mlango kwa mlango, hapewi kitu mpaka achekeshe. Lavonne huutunga mwenyewe huku akimenya viazi, na sharti la familia ni kwamba kidirisha hakifunguliwi kabla ya mlango wa kwanza.

Mwaka jana mwanawe, Curtis, alihamia mji wa mbali wa Phoenix na familia yake kutafuta kazi. Nauli ya ndege haishikiki kwa mshahara wa jikoni, hivyo kadi zilikwenda bila bibi.

Ndipo gundi ilipomwaibisha. Maren, mjukuu mkubwa, alisimama mlangoni pa jirani mgeni, akauliza kwa sauti: "Kwa nini mifupa haikuvuka barabara?" Akataka kufungua kidirisha, kimeganda. Akavuta, kikachanika pamoja na jibu.

"Na huko Phoenix hawana desturi hii, hakuna hata aliyemwomba utani," anasema Lavonne. "Walimkodolea macho tu. Mtoto akarudi nyumbani analia. Akanipigia simu kuniuliza jibu, na mimi nimelisahau! Nililitunga sufuria iko mkononi, ningeliandika kwa pua?"

Tangu hapo Maren, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, amesema hataki kadi tena. Curtis alimshauri mama yake apumzike, awatumie wajukuu picha kwa simu.

"Nikamwambia, haya, na kidirisha nikiweke wapi, kwenye betri?"

Kadi mbili ziko tayari. Ya tatu, ya Maren, imelala tupu. Ameshaitupa mara mbili, na mara zote mbili ameiokota. Anachohofia ni kwamba akiikosa Halowini moja ya mtoto huyu, atazikosa zote zilizobaki.

Simu inalia. Ni Maren.

"Bibi, usikasirike."

"Nimekasirika tangu asubuhi, mjukuu wangu. Sema."

"Yule jirani wa mwaka jana, Mzee Alvarado, kila akiniona anauliza habari za ile mifupa. Jana amesimamisha gari la baba barabarani! Nimemwambia jibu linakuja na kadi."

"Kadi ipi? Ile uliyoikataa?"

"Bibi jamani! Hiyo hiyo. Ila usitie gundi."

Lavonne anaweka simu chini, anakung'uta chembe za rangi kwenye kadi tupu, kisha anaandika polepole: *Kwa sababu ng'ambo kulikuwa na mbwa.*

"Ndilo la mwaka jana?" anauliza Duane.

"Sijui. Ndilo la mwaka huu."

Anafungua kopo la vifaa vya kushonea. Kidirisha cha Maren atakifunga kwa uzi mwekundu, fundo la kuvuta mara moja tu, na kesho kabla ya zamu kadi zote zitakuwa posta.

"Naomba aanzie kwa huyo mzee," anasema, akitafuta tundu la sindano kwa hasira. "Maskini, amengoja mwaka mzima. Na asipocheka, nauli sina, lakini nitamfuata Phoenix kwa miguu."