Kunegunda na Mafuta ya Kaburi

Shangazi yangu Kunegunda Mbano alikuwa na tabia ya kugonga kidole. Akiwa amekaa, kidole chake cha shahada kiligonga chochote kilichokuwa karibu: kikombe, goti, ukingo wa benchi la kanisani. Kiligonga polepole, kwa mapigo yanayolingana, na ilinichukua miaka kutambua kwamba yalikuwa mapigo ya injini yake ya kusagia. Injini ikiwa imezimwa, padri akiwa katikati ya mahubiri, kidole kiliendelea. Siku ya kumzika mumewe nilikiona kikigonga juu ya khanga yake, na watu wakadhani anatetemeka kwa uchungu. Huenda yote mawili yalikuwa kweli.

Mashine yake ilikuwa nje kidogo ya Ruhuwiko, pale nyumba zinapoachana na mahindi yanaanza. Lilikuwa banda la matofali ya kuchoma, na ndani yake injini nzito ya kizamani, yenye magurudumu mawili ya chuma yaliyofika kifuani mwa mtu. Yeye na mumewe, Fransisko, waliinunua kwa tumbaku ya misimu mitatu. Fransisko alipofariki, wanaume wa mtaani walisubiri injini iuzwe, kwa sababu kupiga hendeli ya kuiwasha kulihesabiwa kazi ya kiume.

"Mama Hilda," mmoja wao alimwambia, "hiyo hendeli itakuvunja mkono."

"Ikiuvunja, ninao wa pili," alijibu, akapiga.

Baadaye nguzo za umeme zilifika, ila zilileta umeme wa njia moja, wa taa na redio na kuchaji simu. Mashine ya kusaga inataka njia tatu. Kwa hiyo nyaya zilipita juu ya bati, na chini yake banda likaendelea kunywa dizeli.

Mwaka 2022 vita vilizuka nchi za mbali na dizeli ikapanda bei Songea. Mimi nafundisha uchumi sekondari, hapa mjini. Wiki hizo nilikuwa nachora mishale ubaoni, kuonyesha jinsi pipa la mafuta linavyopanda bei kwenye bandari ambayo hatujawahi kuiona, kisha nyanya zinapanda bei sokoni kwetu. Jumamosi moja nilimchorea shangazi mishale hiyo kwa kijiti, kwenye vumbi la unga sakafuni.

Aliitazama kwa muda. "Hao wanaopigana, wanaujua ugali?"

"Sidhani, shangazi."

"Basi kwa nini ugali wangu unawajua wao?"

Hata leo sijapata jibu lililo fupi kama swali lake.

Hakutaka kupandisha bei ya kusaga, kwa kuwa aliwajua wateja wake na jinsi walivyokula. Akaanza kufungua siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine wanawake walibeba mahindi hadi kwenye mashine za umeme za Bombambili, au wakatoa vinu vilivyokuwa vimegeuzwa viota vya kuku. Jirani yetu Dorine, akiwa na mimba ya miezi saba, aliteleza akivuka kijito na debe la unga kichwani. Mimba ilisalimika. Unga ulikwenda na maji, na mkono wake ukafungwa kwa wiki tatu.

Shangazi alimpelekea Dorine unga, akarudi, akakaa mlangoni pa banda lililofungwa. "Mashine isiyofunguka kila siku ni nyumba ya panya," alisema. "Nitafute namna, au niwaache watu wajue kwamba sipo."

Namna aliyoipata ilikuwa imezunguka shamba lake. Ulikuwa ua wa mbono kaburi. Huku kwetu mti huo hupandwa makaburini, maana mbuzi hawaugusi na kijiti chake ukikichomeka tu kinaota. Jina lake limetoka huko. Zamani, mafuta yalipokuwa ghali duniani, walikuja wageni na vipeperushi. Walisema mbegu za mbono kaburi hutoa mafuta ya kuendeshea magari, pandeni, tutanunua zote. Watu walipanda, wengine waling'oa mihogo. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka huko huko ilikopandia, na wale wageni hawakurudi kuchukua hata gunia moja. Karibu kila mtu aliikata mibono yake kwa hasira, isipokuwa shangazi. Nilipomuuliza sababu alisema, "Mti umekosa nini? Aliyetoroka ni mnunuzi."

Fundi wake alikuwa Otto wa Bombambili, aliyeihudumia injini tangu enzi za Fransisko. Alipoelezwa shauri hilo aliweka spana chini.

"Mama Hilda, injini si mgonjwa wa kupelekewa miti shamba."

"Wewe tumbo lako halikuponywa na mizizi ya bibi yangu?"

"Tumbo langu lina huruma. Chuma hiki hakina."

Hata hivyo fundi ni fundi. Wiki haikwisha kabla Otto hajarudi na ndoo ya bati yenye koki, akaifunga ukutani iwe tangi la pili. Akamfundisha: washa kwa dizeli kidogo mpaka injini ipate moto, ndipo ufungue mbono. Robo saa kabla ya kuzima, rudisha dizeli ili mafuta mazito yasigande ndani. Shangazi akaazima kikamulio cha mkono cha alizeti, akakiweka kwenye kibanda cha peke yake mbali na unga, kwa kuwa mbegu hizo ni sumu. Mafuta aliyachuja kwa khanga kuukuu iliyokunjwa mara tatu, akayaacha yatulie wiki nzima.

Siku ya kwanza nilikuwapo. Otto alifungua koki na kurudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyewasha fataki. Moshi ulibadilika harufu, mlio ukashuka kidogo, kisha ukakaa sawa.

"Inakula!" Otto alipiga kelele. "Mama Hilda, inakula!"

Ua mmoja, hata hivyo, haukutosha. Shangazi akaweka utaratibu: atakayeleta debe la mbono kaburi atasagiwa madebe mawili ya mahindi. Mibono iliyokatwa ilikuwa imechipua tena kwenye mipaka ya mashamba ya watu wengi, haina kazi. Akamwomba Polikarp, katibu wa kigango, alitangaze jambo hilo Jumapili baada ya misa. Jumamosi shangazi akapanda basi kwenda Tunduru kwa binti yake Hilda, aliyekuwa amejifungua. Mimi nilikuwa likizo, akaniachia ufunguo.

Jumapili hiyo kulikuwa na ndoa. Polikarp alisoma matangazo kwa sauti yake ya madaha, na alipofika kwetu akasema, "Mama Hilda anawatangazia, leteni mbono, msagiwe mahindi." Nilisikia, nikaridhika.

Kuanzia Jumatatu watu walimiminika. Mbegu nyingine zilikuwa nyeusi, zimefifia. Nyingine zilikuwa laini, zenye madoadoa, zimevimba kama kupe aliyeshiba. Nilidhani hizo za madoa ni changa, nikazipokea zote, nikazikamua zote. Mafuta yalikataa kupita kwenye khanga. Nikadhani khanga ni chafu, nikaweka kitambaa chepesi zaidi. Na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, sikuyaacha yatulie. Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, injini ilikohoa, ikatoa moshi mzito mweupe, ikasimama. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walijitwisha mahindi yao, wakaondoka mmoja mmoja. Hilo liliniumiza kuliko kama wangenitukana.

Shangazi alirudi Jumamosi, akaja moja kwa moja bandani, mkoba ukiwa bado begani. Hakuiangalia injini. Aliinama, akaokota mbegu moja ya madoa.

"Nyonyo," alisema.

"Polikarp alitangaza mbono, shangazi."

"Mbono gani?"

"Mbono."

Aliagiza Polikarp aitwe. Katibu alikuja amevua kofia.

"Neno langu lingine uliliweka wapi?" shangazi alimuuliza.

"Mama Hilda, nihurumie. Bibi harusi amekaa mbele yangu na shela lake jeupe. Mimi nisimame pale niseme leteni kaburi? Mama yake angenifukuza na kiatu!"

Na wazee wengi wa kwetu nyonyo nayo huiita mbono. Watu walileta walichoombwa. Mafuta ya nyonyo ni mazito kama uji, yafaa nywele na tumbo, hayafai injini yetu.

Shangazi alicheka mpaka akakalia debe. Alicheka huku akijifuta machozi, na Polikarp, alipoona amesalimika, akacheka naye. Kisha akaigeukia injini, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa mochwari kumtambua ndugu.

Otto aliifungua. Nozeli ilikuwa imeziba, pete za pistoni zimegandamana. Mchana huohuo mnunuzi wa vyuma chakavu alisimamisha gari lake dogo barabarani. Watu wa biashara hiyo hawahitaji kupeleleza habari mbaya.

"Uza, Mama Hilda," Otto alisema kwa upole. "Chuma kitakwenda Dar, kitavuka bahari, kitarudi sufuria."

"Kikirudi sufuria nitapika nini, na unga sina?"

Yule mnunuzi alingoja kidogo, akaona hakuna mtu anayemtazama, akaondoka.

Siku kumi na moja tulikaa na vipande vya injini juu ya magunia. Tuliviloweka, shangazi akavikwangua kwa vijiti vya mwanzi ili asikwaruze chuma. Hakunigombeza. Alinisogezea tu magunia ya mbegu zilizobaki.

"Wewe umesoma bei," alisema. "Mbegu hujazisoma. Kaa hapa uzisome."

Nikazichambua moja moja. Mbegu laini ya madoa huku, nyeusi iliyofifia kule. Siku ya tatu vidole vyangu viliweza kuzitenganisha bila macho. Nilisoma miaka mingi, na ni mara chache nimejifunza jambo likakaa mwilini kama hilo. Waliokuwa wameleta nyonyo nilitaka tuwarudishie magunia yao tumalizane. Alikataa. "Waliombwa mbono wakaleta mbono. Injini ikiamka, nitawasagia."

Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe wakati wa matangazo. "Ni mbono kaburi," alisema. "Kaburi. Anayeliogopa neno alete mbegu bila kulitaja." Kanisa zima likacheka, na Polikarp akainamia daftari lake.

Siku ya kumi na mbili Otto alikaza nati ya mwisho, akamnyooshea shangazi hendeli. "Piga wewe. Mimi sitaki lawama."

Alipiga mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikapumua ikaacha. Kabla ya kupiga ya tatu alinong'ona kitu kwa Kingoni ambacho sikukisikia, na pengine hakikuwa changu kusikia. Injini ikashika. Ilikohoa moshi mweusi, ikasafisha koo, ikaanza kwenda, na baada ya dakika kumi akafungua koki ya ndoo. Dorine, mkono wake umepona na mtoto mgongoni, alikuwa wa kwanza kumimina mahindi.

Tangu siku hiyo banda halikufungwa tena kwa sababu ya bei ya dizeli. Wanawake wakapanda upya mibono mipakani, safari hii bila kipeperushi cha mtu. Dorine akajifunza kuendesha injini, kisha akaijua kuliko mimi.

Sitaki kumkuza kuliko alivyokuwa. Shangazi hakuibadilisha nchi. Mahindi ya Ruvuma bado yanasubiri malori, malori yanasubiri dizeli, na dizeli inasubiri meli. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Kwenye kila mkutano wa mtaa aliuliza umeme wa njia tatu utafika lini, mpaka mwenyekiti akawa anamjibu kabla hajainua mkono. "Ukija nitaupokea kwa vigelegele," aliniambia. "Lakini siwezi kuungoja na tumbo tupu." Wakati mwingine darasani, nikieleza jinsi nchi ndogo zinavyopokea bei zilizopangwa kwingine, namkumbuka akikwangua pistoni kwa mwanzi, na chaki yangu inasimama ubaoni. Wanafunzi hudhani nimesahau somo.

Mwaka 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mjini, na mimi nilipita kila asubuhi kabla ya vipindi. Siku moja nilipita kituo cha mafuta nikaona wamebadilisha bei kwenye ubao. Dizeli ilikuwa imeshuka sana. Nilifurahi kupata habari njema ya kumpelekea mgonjwa. Nikamkuta ameegemea mito miwili, nikamwamkia, nikamwambia kwamba Dorine amefungua banda tangu saa moja na foleni ipo. Kisha nikampa ile habari yangu: shangazi, dizeli imeshuka.

Alilipokea neno dizeli kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani aliyehama zamani.

"Vizuri," alisema. "Wenye malori watapumua."