Siku Penina Alipokatazwa Kupika

Penina hakuwahi kuomba kuachwa huru. Tuliweke hilo wazi mapema, maana baadaye watu walisema mengi. Alikuwa mpishi wa chuo cha wananchi, kile cha kandokando ya njia ya Muleba, tangu kilipokuwa bado kituo cha kufundishia wakulima. Kwa miaka tisa alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akiwasha moto na kuwalisha maseremala, waashi na washonaji ambao hata hawakujua kuni zinatoka wapi. Alikuwa mfupi, mnene, Mlutheri wa kwaya, na mdomo alikuwa nao. Mwanafunzi aliyechelewa chakula alipewa ukoko na maneno, na kati ya hivyo viwili, maneno ndiyo yaliyokuwa magumu kumeza.

Kazi hiyo aliishika kwa mikono miwili, na sababu anaijua mwenyewe. Mumewe alipofariki, shemeji yake Rwegasira wa Kagoma alimwambia mbele ya watu waliokuja msibani, "Mlango uko wazi, shemeji. Njoo uipikie nyumba hii." Penina alikuwa akiijua nyumba hiyo: wanaume saba, wote wanakula, hakuna anayesema asante. Matanga yalipokwisha tu alikwenda kuomba kazi. Tangu hapo, kila Rwegasira alipopita na baiskeli yake, alisimama langoni kuuliza kwa upole, "Bado hawajakuachisha?"

Basi, mwaka 1977 akaja chuoni mwalimu wa siasa kutoka Tanga, Bi Mwamvita. Mwanamke mwema, mchangamfu, mwenye mawazo mengi kuliko saa za kutwa. Ndiye aliyesema chuo kifanye siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Wazo zuri, nani angelipinga? Kungekuwa na ngoma na ngonjera, na mgeni rasmi angekuwa Bibi Ephrasia, kikongwe wa vijijini ambaye utotoni alikuwa mjakazi nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa, kabla sheria haijaufuta utumwa mwaka 1922. Hapo pangetosha. Lakini Bi Mwamvita alikuwa mtu asiyejua pa kuishia.

"Ndugu zangu," alisema kwenye mkutano, "tutasemaje utumwa umekwisha, ikiwa mwenzetu mmoja anatupikia sisi sitini tumekaa? Siku hiyo hakuna kutumikiana. Ndugu Penina atakaa kitini. Tutapika wenyewe. Na tukifaulu, tutapika kwa zamu daima. Huko ndiko kujitegemea!"

Wanafunzi walipiga makofi, kama wanavyopigia makofi kila kinachoishia na neno kujitegemea. Mkuu wa chuo, Mwalimu Gamaliel, alisema jambo hilo litapigiwa kura siku hiyohiyo baada ya chakula. Penina, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wake, alisikia neno moja tu, daima. Akawaona wale wanaume saba wa Kagoma wamekaa, wanamsubiri.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa saba. Penina alikalishwa barazani pa jiko, kwenye kiti cha mikono kilichopambwa maua, na kifuani akabandikwa karatasi yenye maandishi MTU HURU. Mpiga kengele naye alikuwa ameachwa huru, kwa hiyo hakuna aliyejua ni saa ngapi. Mlinzi, Lameki, aliupokea uhuru wake kwa moyo wote akalala, na mbuzi wa jirani wakaingia wakala maua ya meza ya mgeni rasmi.

Jikoni palikuwa na kamati. Kamati ya moto ilikuwa na watu wanane, wote wakipuliza, na moshi ulitoka kwa wingi ingawa moto wenyewe ulikuwa bado kwenye mipango. Kamati ndogo ya chumvi ilikaa faragha. Maharage yaliingizwa chunguni makavu kama yalivyotoka guniani, na Penina akajiinamia ili wasimwone akicheka. Kila walipoharibu, nafsi yake ilipata nguvu. Leo kazi yake ilikuwa kunyamaza tu. Alimwomba Mungu ampe ulimi mzito kwa saa chache, jambo ambalo Mungu hakuwahi kuombwa na Penina tangu azaliwe.

Mwenyekiti wa wanafunzi, Philbert, seremala wa mwaka wa pili, ndiye aliyesimamia ndizi. Mikungu ilikuwa imetolewa ghalani na Bi Mwamvita mwenyewe, na alikuwa amechagua ile minene iliyompendeza macho. Philbert alizaliwa Buhembe katikati ya migomba. Aliitazama mikungu hiyo mara moja tu, akajua kwamba ni mbile, ndizi za pombe, zilizowekwa zisubiri kukamuliwa rubisi. Ukizipika zikiwa mbichi ni chungu, zinakausha kinywa hata meno yanaona aibu. Lakini Philbert hakuwahi kuingia jikoni. Mama yake alimfukuza humo kwa fimbo tangu akiwa mdogo, kwamba mwanamume hachungulii chungu. Akafikiri, labda wanawake wana namna yao. Labda ndizi ikishaingia jikoni hubadilika. Akanyamaza. Wenzake nao waliona, lakini waliona pia kwamba mwenyekiti amenyamaza. Ndivyo wanaume thelathini wa Kihaya walivyokaa chini na visu, wakamenya mbile, kila mmoja akijua kwamba ni mbile.

Penina alipoziona, moyo ulimruka kwa furaha. Nasema furaha, sitamsitiri. Chakula hicho kingekufa chenyewe bila yeye kutia mkono, na kazi yake ingepona.

Ndipo Bibi Ephrasia alipoteremshwa kwenye gari la chuo, akashikwa mkono taratibu, akawekewa kiti kando ya Penina. Alikuwa mdogo, mkavu, macho yake yakiwa makali bado.

"Mwanangu, mbona umebandikwa karatasi?" aliuliza.

"Nimeandikwa kwamba niko huru, Bibi waitu," alijibu Penina kwa adabu ya Kihaya.

"Eh! Siku hizi wanaandika?" Kikongwe akaitazama ile karatasi kwa heshima. Kisha akainama karibu. "Wameniambia leo nitakula wa kwanza. Ni kweli?"

"Ni kweli, Bibi."

"Sijawahi kula wa kwanza. Kule kwa bwana tulipika, tukapakua, tukasimama. Nilikuwa nahesabu matonge wanayokula ili nijue kama yatabaki. Jana sikulala, nikifikiria wataniwekea nini."

Penina aliangalia jikoni. Philbert alikuwa akiitumbukiza mbile ya kwanza chunguni. Moyo uliokuwa ukiruka ulitua kwa kishindo. Alifikiri juu ya Rwegasira na baiskeli yake, akafikiri juu ya hiyo kura, akajiambia kaa, Penina, kaa, mwanamke we. Akasimama.

"Philbert! Toa hizo ndizi kabla sijakutumbukiza wewe!"

Mwalimu Gamaliel alikuja mbio, tai imemwendea mgongoni. "Ndugu Penina, keti! Leo uko huru!"

"Mwalimu, mtu huru anakaa akichoka. Mimi sijachoka, nimekasirika." Akabandua karatasi yake, akaitia motoni, na moto huo, uliokuwa umewashinda watu wanane, ukawaka.

Kilichofuata hakikupigiwa kura. Kamati zote zilivunjwa kwa mwiko. Kumi walitumwa shambani kukata mikungu ya kupika, wengine kuchota maji, wengine kuchambua dagaa, kwa kuwa maharage yale yangeiva kesho kutwa. Philbert alifundishwa kumenya ndizi bila kuila nusu kwa kisu. Bi Mwamvita alifunga kanga kiunoni, akaona haya, akasema, "Dada, kwetu sisi ndizi ni ndizi." Penina akamjibu, "Na kwetu mwalimu ni mwalimu, lakini si kila mmoja anafundisha kupika." Walicheka wote wawili, wakakazana kufunika chungu kwa majani ya migomba.

Jua likiwa limeinama, Bibi Ephrasia alipakuliwa. Watu sitini na wageni wao walisimama wakimtazama. Alikula taratibu mno. Alinyanyua macho mara moja, akawaona wanasubiri, akaendelea kula taratibu vilevile. Penina akajifuta uso na kusingizia moshi.

Baada ya chakula Bi Mwamvita alisimama, ameshiba na kuridhika. "Ndugu, mmeona? Tumepika wenyewe na tumefaulu!"

Penina akauweka mwiko chini. Hilo hakulifikiria. Kwa kuiokoa siku yao alikuwa amewafundisha kuishi bila yeye.

"Wanaokubali tupike kwa zamu daima?" aliuliza Mwalimu Gamaliel.

Wanafunzi walitazamana, kisha wakatazama viganja vyao. Utomvu wa ndizi ulikuwa umevipaka weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga, na mgongo wa kila aliyemenya ulikuwa umepinda. Mkono wa Bi Mwamvita ulipanda peke yake, ukasita, ukashuka kwenda kukuna sikio.

Philbert akasimama. "Mwalimu, mimi naona tumenye sisi kwa zamu, apike Ma Penina. Tukimwachisha tutakufa, na nitakufa mimi kwanza, maana nitakuwa mwenyekiti wa kamati."

"Wanaokubali hilo?"

Mikono myeusi ikapanda ukumbi mzima. Katibu alipokuwa akihesabu aliuona mmoja usio na utomvu, mwembamba, umenyooka juu mbele kabisa. Akainama kwa adabu.

"Bibi, samahani. Wageni hawapigi kura."

"Mimi nimeulizwa," alisema Bibi Ephrasia. "Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, mzee huyu ameuliza wanaokubali ni nani. Miaka yote niliyokaa kwa bwana hakuna aliyeniuliza hata kama nina njaa. Leo nimeulizwa, na mkono siushushi."

Katibu akamtazama Mwalimu Gamaliel. Mwalimu Gamaliel akatazama chini. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka kwa uzee, na Penina alikwenda akasimama nyuma ya kikongwe, akamshika kiwiko ili mkono usichoke.

Katibu akauhesabu.