Waliojitolea Kichinjioni

Nilikuwa nimeingiza mkono wote ndani ya kifua cha ng'ombe wakati yule kijana alipotazama simu yake na kuniambia, kwa upole kabisa, "Madam, unatumia dakika kumi na moja kwa mnyama mmoja. Ukipunguza ziwe nne, tutakuwa tumefika mbali sana."

Niliendelea kupasua. Nilikuwa na kisu mkononi, na hasira ikiwa karibu na kisu ni heri mtu anyamaze.

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, kabla nyama haijaenda bucha, ni mimi ninayepasua ulimi, mapafu, ini na moyo, na kutafuta yale matezi madogo yaliyojificha kwenye mafuta. Nikiridhika napiga muhuri wa wino wa zambarau. Nisiporidhika, nyama inamwagiwa dizeli na kufukiwa shimoni, na mwenyewe anaondoka akinilaani. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika kichinjio kidogo nje ya mji wa Nakuru, na nimelaaniwa kwa lugha zote za Bonde la Ufa.

Kijana huyo hakuwa mfanyakazi wa serikali. Wiki moja kabla ya siku hiyo tuliitwa ukumbini mjini, sisi wa mifugo, wa maji, wa masoko na wa leseni, tukapewa chai na mandazi. Mkubwa wetu akatangaza kwamba vijana wasomi kutoka Nairobi, wengine waliowahi kufanya kazi ng'ambo, wamekubali kuja kutufundisha kuifanya serikali iende mbio. "Na hawalipwi hata shilingi," akasema. Akarudia, kama mchungaji anayesubiri aleluya. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Karibu nami alikaa mwenzangu, mwanamke wa makamo kama mimi, aliyekuwa mkaguzi katika kichinjio kingine kwenye barabara ya kwenda Mau Narok. Yeye alikuwa wa kandarasi, anasaini upya kila mwaka. Hakupiga makofi. Aliniinamia akaninong'oneza, "Mtu akikuja kukulimia shamba bure, muulize anataka kupanda nini."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Walikuja watatu kichinjioni, lakini wawili walishindwa na harufu wakabaki ndani ya gari. Aliyeingia ni kiongozi wao, kijana wa miaka thelathini hivi, viatu vyeupe, amevaa koti letu jeupe juu ya shati lake. Simsingizii kitu: alikuwa na adabu. Alimsalimia kila mtu. Alimwamkia hata mchinjaji wetu, mzee Mwislamu ambaye babu yake alifika Nakuru kutoka pwani enzi za kujengwa kwa reli. Adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Siku ya pili aliniuliza, "Kati ya ng'ombe mia, unapata wangapi wagonjwa?"

"Wachache," nikasema.

"Wachache kama wangapi?"

"Inategemea. Wakati wa ukame wanaongezeka."

"Tuseme watatu. Basi hao tisini na saba unawakagua kwa nini?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. "Kwa sababu hawajaandikwa kwenye paji la uso," nikamwambia.

Mzee mchinjaji, aliyekuwa akinoa kisu chake pembeni, alicheka hadi akakohoa. Kijana naye alitabasamu, kisha akaandika kitu kwenye simu. Baadaye nilikuja kujua aliandika nini, maana ripoti yao ilisambazwa kwetu sote: "Wafanyakazi wa zamani wanapinga mabadiliko."

Kuna jambo moja ambalo walifanya vizuri, na nitalisema kwa sababu ni kweli. Kibali cha kusafirisha nyama tulikuwa tukikiandika kwa mkono mara tatu, katika vitabu vitatu, na wenye bucha walisimama foleni wakinung'unika huku jua likipanda. Kijana aliuliza vitabu viwili vya mwisho vinasomwa na nani. Hakuna aliyejua. Vikaondolewa, na mpaka leo tunaandika mara moja tu. Angeishia hapo, ningemwombea dua.

Hakuishia hapo. Mwezi wa pili ulikuja mpango mpya. Mkaguzi mmoja angehudumia vichinjio vitatu. Angekaa katika kimoja, na katika vile vingine viwili msimamizi angepiga picha za mapafu na ini la kila mnyama, azitume kwa programu ya simu. Mkaguzi angezitazama na kubonyeza kijani au nyekundu. Muhuri angepiga msimamizi, ila wenye namba ya mkaguzi. Mkaguzi huyo niliteuliwa mimi. Mwenzangu wa barabara ya Mau Narok aliambiwa kandarasi yake haitaongezwa.

Alinipigia simu jioni hiyo. Nilijaribu kumpa pole, nikazunguka na maneno. Akanikatiza. "Wewe utabonyeza?" akaniuliza.

"Nitafanyaje sasa?"

"Sikukuuliza utafanyaje. Nimekuuliza kama utabonyeza."

Nikasema nina watoto wawili shuleni. Akasema yeye ana watatu, kisha simu ikakatika.

Nilibonyeza. Hilo ndilo nalotaka lijulikane kabla sijamlaumu mtu mwingine. Kwa wiki tano nilibonyeza kijani nikiwa na glavu zenye damu, nikikagua ng'ombe aliye mbele yangu kwa jicho moja na simu kwa jicho lingine. Nilijua picha haitoshi. Tezi lenye kifua kikuu mara nyingi huwezi kulijua kwa macho. Unalipasua, na kisu kinakwaruza kama kimegonga mchanga. Ule mkwaruzo ndio niliokuwa nikilipwa kuutafuta miaka yote hiyo, na simu haina mkwaruzo. Nilijua, nikabonyeza, kwa sababu kila jioni kijana alitutumia ujumbe wa kutushukuru kwa dakika tulizookoa.

Asubuhi moja ya Ijumaa zilikuja picha tatu za ini kutoka kichinjio cha mwenzangu. Nilipitisha ya kwanza. Nilipitisha ya pili. Ya tatu nilikuwa nishainua kidole, nikaona kovu dogo ukingoni mwa ini, jembamba kama chale ya wembe. Nikarudi kwenye ya pili. Kovu lile lile. Ya kwanza, lile lile. Ng'ombe watatu, ini moja.

Nilianza kurudi nyuma kwenye picha za siku zilizopita. Nilipokuta ini lingine limejirudia, na lingine, niliacha kutazama. Nilimwambia mzee mchinjaji asiruhusu nyama yoyote itoke mpaka nirudi, nikavua koti, nikaita bodaboda.

Msimamizi wa kule alikuwa akiosha sakafu. Aliponiona alijua. "Daktari, usikasirike," akasema. Wote huniita daktari ingawa si daktari. "Simu inakataa vidole vikiwa na damu. Nikapata hiyo moja imetoka poa, nikaona niitumie. Si zote huwa sawa tu?"

"Mapafu yao yako wapi?"

Akaonyesha pipa la taka. Nilikunja mikono ya sweta nikayatoa mwenyewe, mapafu ya ng'ombe watatu, nikayalaza kwenye saruji na kuyapapasa. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu yalikuwa na vinundu vigumu, na nilipopasua tezi la katikati, kisu kilikwaruza.

Shida ikawa hii: hakuna aliyejua mapafu yale yalitoka kwa ng'ombe yupi. Yalitupwa yote pamoja. Nyama za wawili zilikuwa bado zimening'inia kwenye kulabu, na ya mmoja ilishaondoka na pikipiki yenye sanduku la bati, imepigwa muhuri, imeenda bucha mtaani Nakuru. Nilizuia zile mbili, nikamfuata huyo wa tatu.

Mwenye bucha alikuwa mtu mzima, nimemjua miaka. Nilimkuta ameshakata mguu mmoja. Nilimweleza polepole, mbele ya wateja wanne, kwamba nyama hiyo haikukaguliwa na naichukua.

"Haikukaguliwa na nani?" akafoka. "Muhuri si huu hapa? Si ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi ulikuwa unapiga kitu gani?"

Mama mmoja aliyekuwa ameshalipia nusu kilo aliitazama karatasi ya kaki mkononi mwake, akairudisha mezani na kujifuta kiganja kwenye leso. Kujifuta kule kuliniumiza kuliko matusi ya mwenye bucha, ambayo yalikuwa mengi. Akataja mama yangu. Nilimwacha aseme. Kilo chache zilikuwa zimeuzwa kabla sijafika, na waliozinunua hatukuwapata.

Nyama ya ng'ombe wote watatu tuliifukia siku hiyo. Wenyewe walisimama kando ya shimo wakipiga kelele kwamba mmoja tu ndiye mgonjwa, na walikuwa na haki. Sikusikia mtu aliyeugua. Hilo halinipi faraja. Kifua kikuu hakina haraka.

Jumatatu nilienda mjini na picha zote. Mkubwa wetu alimwita kijana, tukaketi watatu ofisini. Kijana alizitazama, akakunja uso, kisha uso ukafunguka. "Lakini unaona, madam," akasema, "mfumo umefanya kazi. Kosa limegunduliwa."

"Mfumo haukugundua kitu. Nimegundua mimi."

"Ukitumia mfumo."

Nilisimama. Nilimwambia kwamba kule alikomfukuza mwenzangu, mwenzangu angeyapasua yale mapafu kabla hayajapoa, na kwamba watu wa Nakuru wamekula wiki tano za nyama iliyokaguliwa na kidole gumba. Sauti yangu ilikuwa juu, na wasichana wa ofisi ya nje wakaacha kuandika. Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, Mungu amlaani.

Alipotoka, nilimuuliza mkubwa wetu nani ataandikiwa barua. Mimi nilikuwa tayari kuandikiwa yangu. Msimamizi alishaandikiwa. Na huyu?

"Huyu tutamwandikia nini?" akasema, akipanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Si mfanyakazi wetu. Hana mshahara wa kukata, hana cheo cha kushusha. Amekuja kutusaidia tu. Ni mgeni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nikikosea nina faili, nina mkubwa, nina muhuri wenye namba ambayo mwenye bucha anaweza kuinyooshea kidole. Yeye hakuwa na chochote cha kushikwa. Tulikuwa tumempa kisu mtu asiyeweza kuulizwa, kisha tukampigia makofi kwa kuwa hakudai malipo.

Muda wao ulipokwisha, kijana alikuja kichinjioni mara ya mwisho. Alileta fomu. Alikuwa anaomba nafasi ya masomo ng'ambo, na alihitaji watu watatu aliofanya nao kazi wathibitishe kwamba alileta mafanikio. Kumbe malipo yalikuwepo, hayakuwa tu ya shilingi.

"Nimeona wewe ni mtu mkweli," akaniambia. "Neno lako litakuwa na uzito."

Nilinawa mikono, nikaichukua fomu na kuisoma yote. Sehemu ya mafanikio niliandika kuhusu vile vitabu viwili vya vibali. Chini yake nikaandika kuhusu mapafu ndani ya pipa, na mama aliyerudisha nusu kilo. Sikuongeza chumvi. Nikasaini.

Alisoma akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza uso wake uliacha upole. "Madam, mimi nilijitolea tu. Niliacha kazi yangu nikaja hapa. Sikulipwa chochote."

"Nani alikuomba?"

Alikunja ile fomu mara nne, akaiingiza mfukoni, akaenda garini bila kumuaga mtu. Nimeambiwa masomo aliyapata. Bila shaka alipata mtu mwingine wa kusaini. Sijamsamehe, wala sitafuti namna ya kumsamehe. Watu wa kanisani kwetu husema moyo mgumu ni mzigo. Huu wangu naubeba bila taabu.

Ile programu ya picha ilikufa kimya kimya. Hakuna aliyetangaza. Siku moja ujumbe wa shukrani haukuja, na wiki iliyofuata tuliambiwa kila kichinjio kinahitaji mkaguzi wake, kana kwamba ni wazo jipya. Barua yangu ya onyo bado imo ndani ya faili.

Nilipanda gari hadi Gilgil, alikohamia mwenzangu, nimwambie mwenyewe kabla nafasi yake ya zamani haijatangazwa. Nilimkuta kando ya barabara kuu, chini ya mwavuli uliofifia, akipanga viazi kwenye ndoo kwa ajili ya wasafiri. Alinikaribisha, akaniwekea kiti cha plastiki, akanimiminia chai kutoka kwa thamosi yake. Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Gari lilisimama, akaenda dirishani, akauza ndoo mbili, akarudi.

"Nirudi," akasema, "nikae hadi wakija wengine kama wale?"

"Labda hawatakuja."

"Watakuja. Makofi hayajaisha." Akaiweka sawa ndoo iliyokuwa imeinama. "Na wewe bado uko na kidole."

Nilikunywa chai yake yote. Hakuninyima, ila hakuniongeza. Nilipoinuka kuondoka nilinunua ndoo moja ya viazi. Alinihesabia kwa bei ile ile ya wasafiri.