Godoro la Mzazi

Bi Sitara aliligeuza godoro jipya alilomwekea bintiye Anifa, akakuta vitone vyeusi kwenye mshono, na kunguni mmoja mnene akitembea taratibu kama mwenye nyumba. Alitukana tusi ambalo sitaliandika. Alikuwa na haki.

Anifa alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Kwetu Pwani, mzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake mpaka arobaini itoke: akandwe maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, na mtoto apakatwe na bibi yake. Bi Sitara alikuwa akiisubiri arobaini hiyo tangu siku ya harusi. Lakini mkwe wake, Bi Fatuma wa Temeke, mama wa mume wa Anifa, alishasema wazi kwamba chumba cha kupanga Kariakoo si mahali pa kulelea kichanga. Akisikia habari ya kunguni, Anifa haji.

Kibaya zaidi, Bi Sitara anauza mashuka ya mitumba pale soko la Mchikichini. Kunguni wakitajwa katika nyumba ya vyumba sita, atakayetazamwa wa kwanza ni nani? Akanyamaza, akaanza vita vyake peke yake.

Alichemsha maji akamimina kwenye viungo vya kitanda. Alilianika godoro uani, akawaambia wenzake amelimwagia chai. Alinunua dawa kwa wale machinga wanaopita na spika wakitangaza kifo cha mende, panya na kunguni kwa chupa moja. Alipuliza mpaka akakohoa. Kunguni wakatoweka, akashukuru Mungu, akatandika shuka. Baada ya siku chache wamerudi, tena wengi zaidi. Akapuliza tena. Wakarudi tena. Mtu mzima akafika mahali pa kulia kwa ajili ya mdudu asiyezidi punje ya dengu, na mimi simcheki.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakupata kupanga Kariakoo. Hapa kikulacho huwa chumbani kwa jirani.

Alikuja kuligundua hilo mchana mmoja, amejilaza, ndani ya chumba hamna dawa hata tone, lakini harufu ya dawa imemjaa puani. Akainua macho. Nyumba zetu hizi za zamani ukuta wa chumba haufiki kwenye bati. Juu pako wazi, umbea unapita na kunguni wanapita. Akaenda kugonga kwa Jovitha, jirani wa ubavuni. Jovitha alifungua mlango nusu, bomba la dawa kalificha mgongoni. Nyuma yake miguu ya kitanda ilikuwa imesimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa.

"Tangu lini?" Bi Sitara akauliza.

"Mama Anifa, naomba usinitangaze."

Basi hapo alipandwa na hasira kweli. Muda wote ule walikuwa wakirushiana kunguni. Huyu akipuliza wanahamia kwa yule, yule akipuliza wanarudi kwa huyu, na asubuhi wanasalimiana kwenye bomba la maji wote wasafi.

Bi Sitara akasimama katikati ya ukumbi, akapaza sauti. "Mimi nina kunguni. Mashuka yangu mnayajua, semeni mtakavyo. Nani mwingine anao?"

Kisha mlango wa chumba cha mbele ukafunguliwa, akatoka Sadalla fundi viatu, akijikuna kiuno. "Mficha uchi hazai," akasema. "Hata mimi wananimaliza." Milango mingine ikafuata.

Jumapili walitoa vitanda vyote barabarani. Maji ya moto kwenye kila kiungo, dawa vyumba vyote kwa pamoja, saruji kwenye nyufa, magodoro juani kutwa nzima, na baada ya wiki wakarudia. Kunguni wakaisha. Lakini wapita njia walipiga picha, na picha za Kariakoo hazikai Kariakoo. Anifa alipojifungua, Bi Fatuma alimchukua hospitali moja kwa moja mpaka Temeke.

"Kwako nimeona magodoro barabarani, mkwe," alisema kwenye simu. "Tusilaumiane."

Bi Sitara alikwenda kumwona mjukuu wake kama mgeni. Bi Fatuma alimpokea mkoba, akauacha nje kibarazani. Ndani akamwekea kiti cha plastiki, mbali na kitanda. Bi Sitara aliona aibu, akavumilia, kwa sababu alitaka kumshika mtoto. Anifa, macho yamevimba kwa usingizi, akamletea.

Nyuma ya sikio la kichanga kulikuwa na vipele vitatu vyekundu, vimefuatana kwenye mstari mmoja.

Bi Sitara alimrudishia Anifa mtoto, akaenda kitandani, akainua pembe ya godoro. Hakuhitaji kutafuta. Walikuwa wamejazana kwenye mshono, wakubwa kwa wadogo.

"Mkwe, unawajua hawa?"

Bi Fatuma alikwenda haraka kuufunga mlango, majirani wasisikie.

Bi Sitara akamfuata, akaufungua wazi. "Anifa, vaa," akasema. "Mvue mtoto nguo zote, tumfunge kwenye kanga yangu. Tunaenda nyumbani."